Nadaiwa vikombe kumi na tisa vya kahawa kwa ajili ya ndege iliyoanguka 2004

Jamani mi nimechoka. Mwanaume mzima, nina watoto watatu, nina ada haijaisha, halafu leo napita nyuma ya nyumba za watu ili nisionekane kijiweni kwa sababu nadaiwa vikombe kumi na tisa vya kahawa na kashata zake, na deni lenyewe limetokana na ndege ya kwenye tamthilia. Si ndege ya kweli. Ya kwenye tamthilia!

Ni ile Lost. Wazee wenzangu mnaikumbuka, ndege ya Oceanic 815 inatoka Sydney inakwenda Los Angeles inakatikia hewani inaangukia kisiwani. Kule Marekani walianza kuionesha Septemba 2004 wakamaliza Mei 2010, ila sisi tuliipatia Kariakoo, DVD za elfu mbili mbili, kava limefifia mpaka Jack, yule daktari ambaye ndo mhusika mkuu, anaonekana kama mtu anaumwa taifodi. Nikanunua sizoni zote sita. Nikakaa kuangalia na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja Dar kwa wiki moja kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa. Tumemaliza sizoni ya tatu, cheti bado, shemeji bado.

Na huyu shemeji alishaiona yote kwa rafiki yake. Kwa hiyo kila nikiuliza jibu lake ni moja tu. Dubu mweupe wa kwenye barafu anatokea porini kwenye kisiwa cha joto, mandhari yenyewe walirekodia Oahu kule Hawaii, minazi imejaa ungesema uko Pemba, nauliza shem huyu dubu kafikaje huku? "Angalia tu shem." Locke alipanda ndege akiwa mtu wa kiti cha magurudumu, ndege imeanguka kasimama anatembea anawinda nguruwe. "Angalia tu." Moshi mweusi unatoka msituni unalia kama mnyororo wa pikipiki unamnyakua rubani. "Angalia tu." Huyu abiria Libby mbona tunamwona alikuwa hospitali moja ya wagonjwa wa akili na abiria mwenzake Hurley? "Shem, we mbona una haraka?"

Nikaangalia tu. Episodi 121, yaani masaa zaidi ya themanini ya maisha yangu, ningeyatumia kujifunza ushonaji saa hizi nina cherehani nne. Nimefika episodi ya mwisho kabisa, mapambano yamepamba moto, Jack anarudi msituni anachechemea, DVD ikaanza. Sura ikagawanyika vibokisi, sauti krr krr krr, ikazima. Nikaitoa nikaifuta na fulana. Nikaipaka dawa ya meno, maana tulikuwa tunaambiwa dawa ya meno inaondoa mikwaruzo, kitu pekee kilichobadilika ni kwamba deki ilinukia minti mwezi mzima. Na shemeji? Sasa ndo namwambia bwana shem niambie mwisho wake, ananiambia eti siku ile kwa rafiki yake umeme ulikatika. Miezi miwili ananiambia angalia tu, kumbe na yeye hajui!

Nikarudi Kariakoo kwa jamaa aliyeniuzia. Ana wateja watano, hata usoni hakuniangalia. "Broo, wote walikufa siku ile ile ndege ilipoanguka. Kisiwa ndo ahera." Akaendelea kuhesabu chenji.

Basi ndo hivyo. Mi nikaichukua ile nikaifanya elimu. Miaka yote hii pale kijiweni ikizuka habari ya Lost naweka kikombe chini, nakohoa, natoa hukumu: wote walikufa toka mwanzo, mengine mbwembwe. Na watu wananiheshimu, kwa sababu pale wengi waliishia sizoni ya pili. Mzee wa kahawa akinimiminia kwenye lile dele lake ananiwekea na tangawizi ya ziada.

Ila si kwamba walikubali kimya kimya. Kijana wa bodaboda yeye ana swali lake halijapata mtu wa kulijibu, anasema sawa ile ndege kubwa imeanguka, haya kale kandege kadogo ka kaka yake Mr. Eko, mmoja wa abiria walionusurika, kaliondoka Nigeria kamebeba masanamu ya Bikira Maria yamejazwa madawa ya kulevya, kakaja kukutwa kisiwani huko bahari ya Pasifiki. "Kalijaza wapi mafuta?" Anauliza hivyo hivyo kila siku, kwa uchungu, kama mtu aliyewahi kuishiwa mafuta na abiria nyuma. Na mwalimu mstaafu naye alizichukua zile namba za ajabu za kwenye Lost, 4, 8, 15, 16, 23, 42, akazijumlisha kwenye karatasi ya kashata akapata 108, na kule kwenye lile shimo la chini ya ardhi kisiwani walikuwa wanaziingiza kwenye kompyuta kila baada ya dakika 108, akatuangalia mmoja mmoja juu ya miwani kama vile sisi ndo tumeandika. Kujumlisha kajumlisha, ila ukimuuliza kwa hiyo ina maana gani mwalimu, anaagiza kikombe kingine. Eti Januari 2011 bahati nasibu moja kubwa kule Marekani ilitoa namba nne katika hizo, watu waliokuwa wanazicheza kwa ajili ya Lost wakapata dola 150. Shemeji akasikia hiyo akazicheza za kwetu kwa hela yangu. Hata ya soda hatukupata.

Sasa juzi. Nimekaa, mwalimu kanichokoza kwamba nadharia yangu ina matundu, nikapanda kichwa nikasema mbele ya watu: nikionekana muongo nawanywesha kahawa kijiwe kizima. Wakati huo huo binti yangu wa kidato cha pili, yuko likizo, nimemtuma aniletee funguo. Kasimama pale na funguo mkononi anasikiliza. "Baba, lakini si hawakufa?"

Kumbe kwenye simu yake anayo yote. Kainyoosha pale pale, vichwa saba juu ya kioo kidogo chenye ufa. Jack yuko kanisani, baba yake mzazi anamwambia wazi kabisa kwamba yaliyompata kisiwani ni ya kweli, na watu wote wale kila mtu kafa kwa wakati wake, wengine kabla yake, wengine muda mrefu baada yake. Ni lile kanisa tu na yale maisha ya pembeni ya sizoni ya sita, yale ya kama vile ndege haikuanguka, ndo baada ya kifo. Dakika hiyo hiyo ambayo DVD yangu ilikuwa inanukia dawa ya meno.

Nilijitetea. Kwamba hata Wamarekani wenyewe walichanganyikiwa, maana ile siku ya mwisho kituo kilipachika picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita, na watu wengi wakaondoka na wazo langu hili hili. Nani anasikiliza? Mwalimu tayari anahesabu vikombe nyuma ya pakiti ya sigara. Binti kaongeza petroli kwamba kuna kipande cha dakika 12 kilitoka baadaye kwenye DVD halali, kinaeleza habari za dubu, na kwamba kile chakula kilichokuwa kinaangukia kisiwani kilikuwa kinatumwa kutoka ghala la Guam. DVD halali! Sisi wa elfu mbili hatukuonjeshwa.

Nyumbani nako mgao, maji yanatoka saa nane usiku yakijisikia. Desmond wa kwenye Lost alikaa kwenye lile shimo miaka mitatu anabonyeza namba watu wakamwita shujaa, mi nina miaka sita naamka kutega ndoo na mke wangu anauliza mbona pipa la bluu halijajaa. Jana usiku nimekaa kwenye kigoda nasikiliza bomba linavyokohoa, binti katoka na kanga kichwani. Nikajua mtoto kaja kunisaidia.

"Baba, ile sizoni ya tano, Sawyer na wenzake wako kwenye mtumbwi wanafukuzwa na mtumbwi mwingine, wanapigwa risasi, Juliet anajibu anampata mmoja. Wale wa nyuma walikuwa kina nani? Mpaka mwisho hawajasema."

Nikamwambia mama nenda kalale, kesho shule. Akasema baba, likizo.

Ndoo imejaa imemwagika mpaka sebuleni, mi bado namfikiria aliyepigwa risasi.