Dole gumba la mjomba halitoshi

Mzee mwenye ulemavu wa akili akipelekwa hospitali kupasuliwa busha, ugonjwa ambao Lindi na Mtwara tunaujua vizuri, mazungumzo yote huelekezwa kwa waliomleta. Anaulizwa mpwa, anaulizwa dada, kisha anasubiriwa mjomba, maana kwenye koo zetu za Wamakonde na Wamwera neno lake ni zito. Mzee anaamkiwa "shikamoo babu", basi. Mjomba anatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa na safari ya chumba cha upasuaji inaanza. Hilo ni kosa, hata kidonda kikipona vizuri.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai katika ibara ya 25 kwamba matibabu yafuate ridhaa ya mhusika mwenyewe, baada ya kuelezwa. Kazi ya ndugu ni kumsaidia aelewe.

Kinachoharibu zaidi ni swali "Umeelewa?" Wengi wa wazee hawa wamezoea tangu utotoni kuitikia kila kitu ili wasigombezwe. Ukiuliza "Unataka kupasuliwa?" akasema ndiyo, ngoja kidogo, kisha uliza "Unataka kubaki hivihivi?" Akisema ndiyo tena, ridhaa bado hujaipata. Ukimpa mambo mawili achague, rudia baadaye ukianza na lile la pili, kwa sababu wapo wanaoshika lililotajwa mwisho.

Kabla ya yote hayo, angalia masikio na macho. Nta iliyojaa sikioni au mtoto wa jicho humfanya mtu aonekane haelewi kumbe hasikii, au haoni unachomwonyesha. Wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri akili, hupata mtoto wa jicho na ugonjwa wa kusahau mapema kuliko wenzao, hivyo uliza nyumbani: kusahau huku kumeanza lini? Kama ni kwa karibuni, usikubali kuambiwa "ndivyo alivyozaliwa".

Maelezo yawe sentensi fupi, jambo moja kila sentensi, kwa lugha anayoongea nyumbani. Kama ni Kimakonde, mkalimani awe nesi au mhudumu, asiwe ndugu aliyekwisha kuamua. "Hapa pana maji. Daktari atakata, atayatoa, atashona. Utachomwa sindano ya ganzi. Kidonda kitauma siku kadhaa." Mpe bandeji aishike, mwonyeshe dripu na kitanda atakacholala. Kisha: "Babu, hebu nieleze, watakufanya nini?" Akionyesha kwa mikono, hilo ni jibu. Mwache apumzike, umuulize tena baadaye. Akisahau, mweleze upya. Kama kila akielewa anachagua vilevile, uamuzi huo ni wake.

Akikataa, tafuta anachokikataa hasa. Mara nyingine hana neno na upasuaji, anaogopa sindano ya mgongoni au kulala wodini bila mtu wake. Ruhusu dada akae kitandani kwake, uone kama jibu litabadilika. Lisipobadilika, busha linaweza kusubiri, na asishikwe kwa nguvu. Dharura ni habari nyingine: ngiri iliyojinyonga, yaani utumbo umebanwa na damu haiufikii, haisubiri mazungumzo ya siku mbili. Hapo okoa maisha, ila mweleze kila hatua unayoichukua.

Zinapokuja kambi za upasuaji, foleni ni ndefu na muda haupo. Kwa hiyo maelezo yaanze siku ya uchunguzi, na asubuhi ya upasuaji aulizwe tena, asiachwe wa mwisho akiwa na njaa ya kufunga tangu usiku. Dole gumba kwenye fomu liwe lake, na faili libebe maneno yake jinsi alivyoyatamka, pamoja na jina la aliyemweleza na lugha iliyotumika.