WAGO kwenye roboti ya wanafunzi, tunazikataa haraka mno

Timu za roboti za wanafunzi zina ubishi usioisha, waya za umeme tuziunge na nini. Kuna wa Anderson Powerpole, zile konekta nyekundu na nyeusi za kukrimpu, yaani kibati kinabanwa kwenye waya kwa koleo, na kuna wa WAGO, zile za kishikio, unainua, unaingiza waya, unashusha, kwisha. Mara nyingi WAGO zinakataliwa kabla hata ya kujaribiwa, eti ni za kuungia taa nyumbani, roboti inatikisika sana, zitaachia. Mi naona hukumu hiyo inatolewa bila kuangalia hitilafu zinatokea wapi hasa.

Powerpole zina sifa zake na siwezi kuzinyima. Hazina dume na jike, kipande chochote kinaingia kwa mwenzake, mota ikiungua unachomoa unachomeka nyingine fasta. Ya ampea 15, ya 30 na ya 45 zote zinakaa kwenye ganda moja, kinachobadilika ni kibati cha ndani tu. Kwa kitu cha kubadilisha kati ya mechi na mechi sioni cha kuzishinda, na kwenye betri, konekta kubwa ya kampuni hiyohiyo ya Anderson, SB50, ndo imezoeleka kwenye mashindano ya roboti ya wanafunzi ya FIRST Robotics Competition na iko sawa kabisa.

Ila uzuri wote huo umebebwa na krimpu, na krimpu inabebwa na koleo pamoja na mkono ulioshika koleo. Tuseme mota inavuta ampea 40 na krimpu moja imebanwa ovyo kidogo, imeongeza upinzani wa miliomu 10 tu (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu), kiasi ambacho mita ya kawaida ya mkononi haikuonyeshi. Hapo umeshapoteza volti 0.4, na joto linalozalishwa ni wati 16, yaani nguvu ya pasi ndogo ya kulehemu imefungiwa ndani ya kiganda cha plastiki kisichozidi ncha ya kidole. Waya namba 12 kwa kipimo cha AWG cha Marekani ina kama miliomu 5.2 kwa mita, kwa hiyo krimpu hiyo moja ni sawa na kuongeza karibu mita mbili za waya, na mota moja ina krimpu ngapi njiani? Halafu haitulii, joto linalegeza chuma, chuma kikilegea upinzani unapanda, upinzani ukipanda joto linazidi, na mwanafunzi anayeendesha anachoona yeye ni roboti inavuta upande mmoja, basi watu wanaanza kufukua programu usiku kucha wakati kosa liko kwenye kibati. Kwa nje krimpu nzuri na mbovu zinafanana, ganda limezificha zote mbili. Na kuna lile lingine, kibati hakijaingia mpaka kikalia klik, ukichomeka kinarudi nyuma polepole, waya inaonekana imeungwa kumbe imegusana kwa bahati.

WAGO za toleo la 221, hizo za kishikio, mambo haya mengi zinayaondoa. Ganda linaonyesha ndani, unachuna milimita 11 za waya, unaingiza, unaona kwa macho yako imefika mwisho au bado. Nguvu ya kubana inatoka kwenye springi, haitoki mkononi, kwa hiyo mtoto wa siku ya kwanza na fundi wa miaka wanapata kiungo kilekile. Na hiyo springi inaendelea kusukuma hata roboti ikitikisika, tofauti na skrubu ambayo mtikisiko unaweza kuilegeza yenyewe. Kwangu mimi hii ya kuonekana ndo kubwa kuliko zote, kwa sababu mwenye kukagua anaweza kukagua roboti nzima bila kufungua kitu.

Sasa mipaka yake ipo na tuiheshimu. Zile za kawaida zinapokea waya hadi milimita za mraba 4, namba 12 ni kama 3.3 kwa hiyo inaingia vizuri, lakini kipimo chake ni ampea 32 kwa viwango vya kimataifa vya IEC na 20 kwa vile vya UL, vya Marekani. Kuna kubwa zaidi, za milimita za mraba 6, nazo ni ampea 41 na 30. Kwa hiyo mota za magurudumu zenye breka ya umeme (kikata umeme) ya ampea 40 mi nisingezipeleka huko, hizo ziache Powerpole, ila zikrimpiwe na koleo lake halisi, plaizi hapana. Sensa, taa, redio, mota ndogo, kugawa umeme kwenda sehemu tatu nne, huko WAGO zinatosha na zaidi. Pia ni nene, zinakula nafasi, na kishikio kinaweza kunaswa na kitu kinachopita, zifunge pembeni na waya zifungiwe zisivute kiungo. Aina yoyote utakayochagua, kila waya ivute kwa mkono kabla roboti haijawashwa.

Na kuna sehemu ubishi huu wote hauigusi, zile bolti za kwenye betri. Pale umeme wa roboti nzima unapita pamoja, ukifika ampea 200 na kiungo kina miliomu 5 basi volti 1 imepotea na wati 200 zimegeuka joto. Shika waya ya betri uitikise, ikicheza hata kidogo leta spana kwanza.