Maldivi: chagua usafiri kabla ya chumba

Mtu akiamua kwenda Maldivi, kitu cha kwanza anachotafuta ni picha ya nyumba iliyosimama juu ya maji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo bajeti na ratiba zinapoanza kwenda mrama. Swali la kwanza liwe hili: kutoka uwanja wa ndege wa Velana mpaka kisiwani utafikaje, na saa ngapi?

Njia ni tatu. Boti ya kasi inakwenda usiku na mchana, ila ni ya visiwa vilivyo karibu na Malé, mji mkuu. Ndege ya ndani hutua kwenye viwanja vya mbali, kama ule wa Gan kule Addu, kusini kabisa, nayo huruka hata usiku; kipande kinachobaki unamalizia kwa boti. Ya tatu ni ndege ya kutua majini, na hiyo ndiyo inayowaliza watu. Ni Twin Otter ya abiria kama 15, haina choo wala kiyoyozi, marubani mara nyingi wako pekupeku, na giza likiingia hairuki, kwa sababu rubani lazima ayaone maji anayoyatulia. Ukifika Velana baada ya saa 9:30 alasiri, hesabu kwamba umeshaikosa. Utalala Hulhumalé, mji ulio jirani na uwanja, kwa pesa zako, na usiku wa kwanza wa risoti ulishaulipia.

Ndege hiyo hiyo inakubali kilo 20 za mzigo na 5 za mkononi. Zikizidi unalipia kila kilo, na ndege ikiwa nzito begi lako linaweza kuachwa lije na safari inayofuata. Dawa na nguo za kuogelea zikae kwenye begi la mkononi. Nauli ya kwenda na kurudi mara nyingi ni dola 400 au zaidi kwa mtu mzima, na kwa kawaida haimo katika bei ya chumba uliyoiona.

Kwa sababu hiyo napingana na mawakala wanaouza Dubai wakati wa kwenda, eti “upumzike kidogo njiani”. Anayetoka Dar, Nairobi au Entebbe akapita Dubai kwanza atanunua vitu, tusidanganyane, halafu kilo 20 zitamshinda. Safari ya Dubai hadi Malé ni kama saa nne: unganisha na ndege ya usiku wa manane au ya alfajiri, ufike asubuhi, uwe kisiwani kabla ya chakula cha mchana. Mji uache kwa kurudi.

Kurudi nako kuna mtego. Saa ya kuondoka kwa ndege ya majini unaambiwa jioni ya siku iliyotangulia, si siku unapolipia safari. Kama ndege yako ya kimataifa inaondoka kabla ya saa 3 asubuhi, huenda hakuna ya kukuwahisha. Tena baadhi ya risoti husogeza saa zao mbele kwa saa moja kuliko Malé, ili wageni wapate jua zaidi jioni. Ukitajiwa muda wowote, uliza ni wa saa ya wapi.

Sasa bei. Alama mbili za kujumlisha (++) baada ya bei maana yake hujaona kitu bado. Chukua chumba cha dola 800 kwa usiku: ongeza asilimia 10 ya huduma, inakuwa 880. Juu ya hiyo 880 inakuja kodi ya utalii ya asilimia 17, kiwango kilichoanza Julai 2025, unafika 1,029.60. Halafu kodi ya mazingira, dola 12 kwa kila mtu kwa usiku. Wawili mnalipa 1,053.60, na hamjanywa hata maji. Kisiwa kizima ni hoteli moja, hakuna mgahawa wa jirani wa kukimbilia, kwa hiyo mpango wa chakula uusome mstari kwa mstari. Nusu ya milo (half board), yaani kifungua kinywa na chakula cha jioni, mara nyingi haihusu vinywaji.

Majira mtu wa pwani anayajua tayari. Kaskazi, Desemba hadi Aprili, ni ukavu na bahari tulivu. Kusi likivuka ikweta hupinda, hufika Maldivi likitokea kusini-magharibi na mvua zake, kuanzia Mei. Miezi hiyo nyumba za upande wa machweo, zinazouzwa ghali zaidi, ndizo zinazopigwa na upepo na mawimbi. Omba upande wa mawio. Lakini kusi lina neema yake: katika Ghuba ya Hanifaru, kwenye atoli (kundi la visiwa) ya Baa, samaki wakubwa wa jamii ya taa waitwao manta hukusanyika kula, hasa Julai hadi Oktoba. Huko kupiga mbizi kwa mitungi ni marufuku, unaogelea juu juu tu na miwani.

Viza unapewa bure unapofika. Jaza IMUGA, fomu ya msafiri ya mtandaoni, ndani ya saa 96 kabla ya kuingia, na tena kabla ya kutoka. Ni bure, tovuti inayokutoza si ya serikali. Beba kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano iwe imetimiza siku 10. Pombe usiingize, itazuiliwa uwanjani.

Dubai usiku mbili zinatosha. Viza ya mpito ya saa 48 haina ada, ya saa 96 ni dirhamu 50, lakini huombwa kupitia shirika la ndege kabla ya safari, si kwenye dirisha la uhamiaji. Ufukwe umeshaushiba, basi usilipie mwingine; lala Deira, mtaa wa kale, uvuke hori kwa abra, boti ndogo ya abiria, kwa dirhamu 1. Waliofuata manta Agosti wajue joto linapita nyuzi 40: mizunguko ifanyike asubuhi na baada ya magharibi. Sokoni, bei ya gramu ya dhahabu ni ya siku, haipunguzwi; kinachojadiliwa ni ujira wa ufundi. Kodi ya asilimia 5 inayorudishwa kwa watalii idai uwanjani kabla ya kukabidhi begi, maana maofisa wanaweza kutaka kukiona ulichonunua.