Kinga ya Daktari Wakati wa Maafa Isiwe Kinga ya Mwenye Hospitali

Baada ya Kimbunga Katrina mwaka 2005, miili 45 ilitolewa katika hospitali moja ya New Orleans, Marekani, iliyozingirwa na maji, umeme wa dharura nao ukiwa umezimika. Daktari mmoja na wauguzi wawili walikamatwa Julai 2006 wakituhumiwa kuwadunga wagonjwa dawa za kuwaua. Mwaka mmoja baadaye jopo la raia lilikataa daktari huyo ashtakiwe. Mwaka 2008 Louisiana, jimbo la mji huo, ikatunga sheria za kuwakinga wahudumu wa afya dhidi ya madai ya fidia wakati wa maafa, isipokuwa kwa uzembe uliokithiri au kosa la makusudi.

Wanaotetea kinga wana hoja nzito. Wakati wa maafa, majeruhi asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa huvikwa kadi nyeusi, ya wasiotarajiwa kupona, na kupitwa. Siku ya kawaida timu nzima ingemshughulikia. Anayejitolea, tena, mara nyingi hukuta bima ya mwajiri wake haimfuati nje ya kituo chake, na leseni yake haitambuliki alikokwenda. Asipolindwa, atabaki nyumbani.

Lakini kinga ina anayeilipia: mgonjwa aliyeumizwa au wafiwa. New York, jimbo jingine la Marekani, iliipanua kupita kiasi Aprili 2020, wakati wa janga la korona. Ilizikinga hospitali, nyumba za kutunzia wazee na hata wakurugenzi wake, ikaongeza kwamba uamuzi uliotokana na uhaba wa vifaa au watumishi hauhesabiki kuwa uzembe uliokithiri. Kwa kifungu hicho, aliyeshindwa kuajiri aliweza kujitetea kwa uhaba alioutengeneza mwenyewe. Sheria ilifutwa mwaka 2021, na ilistahili.

Mstari uchorwe hapo. Muuguzi hakuchagua jenereta iwekwe wapi. Mwenye hospitali alichagua. Katika kesi ya New Orleans, familia zililalamikia umeme wa akiba na mpango wa kuwahamisha wagonjwa, na mwaka 2011 kampuni iliyokuwa ikimiliki hospitali ilikubali kulipa dola milioni 25. Kinga pana ya taasisi ingeifunga njia hiyo.

Sheria itaje eneo, siku ya kuanza na siku ya kukoma. Mhudumu naye aandike saa, hali ya mgonjwa, kilichokosekana na aliyemshauri, hata kwa kalamu juu ya plasta ikiwa faili zimelowa. Na ajue kwamba kinga dhidi ya fidia haimzuii mwendesha mashtaka. Kesi ya jinai ina mlango wake.