Reid alikuwepo kabla ya Mahomes

Kuna mwandishi kaandika eti Andy Reid, kocha wa Kansas City Chiefs kwenye NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani), ni kocha wa kubebwa, kwamba bila Patrick Mahomes, kwotabeki wake (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi), asingekuwa na jina. Hapo mwandishi kateleza. Reid alikabidhiwa Philadelphia Eagles mwaka 1999, na akiwa na Donovan McNabb kwotabeki wake akafika fainali ya NFC (moja ya makundi mawili makuu ya NFL) misimu minne mfululizo, 2001 hadi 2004. Chiefs nao aliwakuta hoi: msimu wa 2012 walishinda mechi 2 kati ya 16, alipoingia yeye 2013 wakashinda 11, kwotabeki akiwa Alex Smith. Mahomes wakati huo hata chuo kikuu hajaanza! Na alipochukuliwa 2017, Reid alimweka benchi karibu msimu mzima ajifunze nyuma ya Smith. Mkitaka kumlaumu, mlaumuni kwa saa, yaani anavyotumia muda wa mechi. Super Bowl (fainali kuu ya NFL) ya Februari 2005 dhidi ya Patriots, Eagles wako nyuma pointi 10, zimebaki dakika zisizofika 6, na wachezaji wanajikokota kurudi kwenye mstari wa kuanzia shambulizi kama watu wanaotoka sokoni. Tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) ilipatikana, ila muda ulishaliwa, wakalala 24-21. Hilo halina utetezi. Ila nyie mnaosema anabebwa, Smith naye alimbeba?