Nafasi Tupu Ndani ya Jedwali Si Hasara

Futa rekodi milioni 90 kati ya milioni 300 kwenye jedwali la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, kisha pima diski. Hutaona nafuu yoyote. Huenda hata matumizi yakapanda, maana kila ufutaji huandikwa pia kwenye logi ya miamala. Mvutano huanzia hapo. Wako wanaotaka jedwali libanwe papo hapo ili nafasi irudi kwenye mfumo endeshi, na wako wanaosema liachwe, litaijaza nafasi hiyo lenyewe. Hawa wa pili huonekana wazembe. Kwa maoni yangu wanaonewa.

Amri ya kufuta, DELETE, haiondoi rekodi, inaitia alama tu kwamba imekufa. VACUUM, amri ya usafishaji, hupita baadaye na kuandika kwenye ramani ya nafasi huru kwamba sehemu fulani za kurasa, kila ukurasa kilobaiti 8, zinaweza kutumika tena. Faili yenyewe haifupiki, isipokuwa kurasa za mwisho kabisa ziwe tupu zote. Kwa hiyo jedwali linaloingiza rekodi kila siku litazimaliza kwanza sehemu hizo kabla ya kuomba diski zaidi.

Sasa tupige hesabu ya kubana. Tuseme jedwali na faharasa zake (orodha za kuharakisha utafutaji) ni gigabaiti 400, umefuta asilimia 30, na diski imebakiwa na gigabaiti 60. VACUUM FULL, amri ya kubana, haipangi upya faili pale ilipo: inaandika nakala mpya ya rekodi zote zilizo hai, inajenga faharasa upya, na ya zamani haiondoki mpaka kazi iishe. Unahitaji takriban gigabaiti 280 huru, nawe una 60. Tiba inadai kile kile ulichokikosa. Muda wote huo jedwali liko chini ya kufuli kali kuliko zote, hata SELECT, amri ya kusoma, inasubiri foleni. Na kwenye seva yenye nakala za kusubiri (seva za akiba zinazoifuata), maandishi yote hayo hupitia kwenye logi na kusukumwa kwa kila nakala na kwenye hifadhi ya logi.

Kiendelezi cha pg_repack huondoa sehemu kubwa ya maumivu ya kufuli, kwani hulifunga jedwali kwa muda mfupi tu mwanzoni na mwishoni. Lakini kinataka jedwali liwe na ufunguo msingi (safu inayotambulisha kila rekodi) au faharasa ya kipekee isiyokubali NULL, yaani thamani isiyojazwa, na nafasi ya nakala ya pili kinaihitaji vile vile.

Haya, tuseme umefanikiwa na umerudisha gigabaiti 120. Ikiwa jedwali hilo hukua kwa gigabaiti 4 kwa siku, zitakuwa zimeliwa zote baada ya siku 30. Ungeliacha kama lilivyo, rekodi mpya zingeingia kwenye nafasi ile ile kwa siku karibu hizo hizo 30, bila huduma kusimama hata dakika moja. Hiyo ndiyo hoja ambayo wenye kubana hawaijibu: kwa jedwali linaloendelea kukua, gigabaiti tupu iliyo ndani ni akiba tayari, imeshalipiwa.

Hata hivyo upande wao una mahali unaposhinda. Jedwali lililosafishwa mara moja na ambalo halitajaa tena, mathalani data za mfumo wa zamani zilizohamishwa, linashikilia nafasi ambayo majedwali mengine yangeitumia. Usomaji wa jedwali zima hupitia pia kurasa tupu. pg_basebackup, zana ya nakala rudufu, hunakili faili kama zilivyo, kwa hiyo utupu huo unalipiwa tena katika kila nakala rudufu (pg_dump haina shida hiyo, hutoa rekodi hai tu). Kwa InnoDB, injini ya hifadhi ya MySQL (mfumo mwingine wa hifadhidata), hoja yao ina nguvu zaidi: rekodi hupangwa kwa mfuatano wa ufunguo msingi, na ukifuta zilizotawanyika huku na kule, mapengo hayo hayafikiwi na rekodi mpya zenye namba kubwa zinazoingia mwishoni. Hapo OPTIMIZE TABLE, amri yake ya kubana, ina kazi halali. Kabla ya kuamua kwenye PostgreSQL, pima utupu kwa pgstattuple_approx, ambayo huruka kurasa zinazojulikana kuwa hazina rekodi mfu. Utupu wa asilimia 60 usiopungua wiki hadi wiki ni sababu ya kubana. Wa asilimia 20 unaopanda na kushuka si sababu.

Kinachonisumbua zaidi ni namba moja ambayo pande zote mbili huipita: 0.2. Hicho ndicho kiwango cha msingi cha autovacuum_vacuum_scale_factor, mpangilio wa autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha yenyewe. Autovacuum husubiri rekodi mfu zifike 50 kujumlisha asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali la rekodi 1,000, ni 250, wala hakuna neno. Kwa jedwali la rekodi milioni 300, ni 60,000,050. Rekodi milioni 60 hulala zimekufa kabla msafishaji hajaamka, na wakati huo kila UPDATE (badiliko la rekodi) inaongeza rekodi mpya mahali pengine, mara nyingi mwishoni mwa faili. Toleo la 18 la PostgreSQL limeleta kikomo cha juu, lakini kiwango chake cha msingi ni milioni 100, hivyo jedwali hili halinufaiki. Amri moja inatosha, ALTER TABLE ... SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.01), na kizingiti kinashuka hadi takriban milioni 3. Wengi wanaobana kila mwezi wanapambana na namba hii bila kujua.

Ikiwa n_dead_tup (idadi ya rekodi mfu) kwenye pg_stat_user_tables inapanda ilhali last_autovacuum (mara ya mwisho autovacuum ilipopita) ni ya leo, tafuta muamala ulioachwa wazi au replication slot (alama inayoshikilia data kwa ajili ya nakala ya kusubiri) iliyosahauliwa. VACUUM haigusi rekodi ambayo muamala wa zamani bado unaweza kuihitaji.

Ufuatiliaji wenyewe ni rahisi. Kila usiku hifadhi tarehe, jina la jedwali na pg_total_relation_size, yaani ukubwa wake wote. Usitumie pg_relation_size peke yake, kwani huacha nje faharasa pamoja na TOAST, ambako maandishi marefu na JSON hukaa. Kisha weka arifa kwa siku zilizobaki, si kwa asilimia. Asilimia 20 ya diski ya gigabaiti 2,000, kwa ukuaji wa gigabaiti 3 kwa siku, ni siku 133. Asilimia hiyo hiyo kwenye diski ya gigabaiti 100 haifiki wiki.

Kwa data zenye umri, kama kumbukumbu za matukio, ubishi wote huu huisha ukigawa jedwali kwa patisheni za mwezi, yaani kipande kimoja kwa kila mwezi. Patisheni ya zamani huondolewa kwa DROP TABLE na diski hupata nafasi yake mara muamala unapokamilika, bila rekodi mfu. Gharama yake hulipwa mwanzoni: safu ya tarehe lazima iwe ndani ya ufunguo msingi, na jedwali la kawaida haligeuzwi kuwa lenye patisheni kwa amri moja, inabidi ujenge jipya na kuhamisha data kwa mafungu. Fanya hivyo likiwa bado na gigabaiti 40, maana likifika 400 utahitaji tena ile nafasi ya nakala ya pili.