Gari ya jirani si sadaka

Hoja hii utaisikia sana barazani: kijiji kinachotegemea pikapu ya mtu mmoja kubebea wagonjwa kinaishi kwa sadaka na kimebaki nyuma, na dawa yake ni lami, daladala zaidi na mikopo ya pikipiki kwa vijana. Lami siikatai. Ila wengi wanaosema hivyo wako mjini, na wanahesabu safari za mchana.

Mchana hauna tabu kubwa. Hapa Pemba, ukitoka Makangale, ng'ambo ya msitu wa Ngezi, utafika Konde, na Konde utapata gari ya Wete au Chake. Kazi ipo baada ya isha, gari za abiria zikishalala. Bodaboda? Mpakie mwenye uchungu wa uzazi kwenye njia za ndani, halafu tuzungumze.

Watafiti wa vifo vya uzazi wanaeleza tangu 1994 kwamba kuchelewa kuko kwa namna tatu: kuamua, kufika na kuhudumiwa. Mjini tunaiona ya pili tu. Kumbe mume yuko dago, kambi ya wavuvi, simu haipatikani, nani aamue? Mama mkwe na jirani. Na wameshaamua zamani: wanajua nani anajifungua mwezi huu, pikapu ya nani ina mafuta, nambari ya dereva imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, watoto watalala kwa nani. Mafuta hulipwa. Asiye na pesa atamchumia mwenye gari karafuu msimu ukifika. Hapo sadaka iko wapi?

Wizara ya Afya ya Zanzibar na shirika la D-tree walipoendesha mpango wa kujifungua salama, waliifuata njia hiyo hiyo. Wahudumu wa kujitolea walimtembelea mjamzito nyumbani, wakapanga naye mapema hospitali ya kwenda na dereva wa hapo hapo kijijini, nauli ikalipwa kwa simu. Wataalamu wamekuja na programu za simu, wakamkuta dereva yule yule wa chaki.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, nayo si ya lami. Ni siri. Aliyeharibikiwa na mimba hapendi mtaa mzima ujue kwa nini gari imewashwa saa nane usiku. Wapo pia waliohamia juzi, na waliogombana. Na Pemba tunajua ugomvi unavyofika mbali: baada ya uchaguzi wa 1995 watu walisusiana madukani, hata mazikoni. Kwa hao, gari ya wagonjwa ya serikali haina mbadala, na mtandao wa majirani usitumiwe kuwa kisingizio cha kutoileta.

Jingine linanikera zaidi. Mafuta yanalipwa, tairi hailipwi. Mwenye pikapu anabeba wagonjwa wa shehia nzima, springi zikikatika anazinunua peke yake. Halmashauri inayotaka kusaidia usafiri wa usiku ingeanzia hapo, kabla ya kugawa pikipiki nyingine.